Noah ya zamani au ya kisasa? Namna ya kupima gari ya familia kabla hujalipa

Suali hili nimeulizwa barazani, nimeulizwa harusini, na juzi nimeulizwa tukiwa tunatoka msikitini: "Tuna watoto watano, mama anakaa nasi, tunataka gari moja itutoshe sote. Tuchukue Noah ya zamani au tujikaze tupate mpya?" Wengine wameziona Alphard zikipeleka wageni Nungwi, wanauliza kama hiyo ndiyo yenye nafasi zaidi. Nimeamua kuandika jibu lote pahala pamoja.

Kwanza nikwambie nilivyokosea mimi. Gari yangu ya kwanza ya familia niliitizama uwanjani kwa muuzaji, viti vyote vya nyuma vimekunjwa. Ndani mlikuwa kama chumba. Nikalipa. Sikukuu Pili tukatoka Fuoni kwenda Makunduchi, watu wanane. Viti vilipofunguliwa na watu wakakaa, nyuma ya siti ya mwisho hapakubaki hata pa kuweka sufuria la pilau. Majamvi tuliyapakata mapajani, na bibi yetu alishikwa na watu wawili ili apande. Siku ile nilijua kwamba nafasi ya gari hupimwa watu wakiwa wameshakaa. Gari tupu zote zina nafasi.

Hatua zilizo hapa chini zinafaa kwa Noah, Voxy, Alphard, Estima, Serena na nyengine za namna hiyo. Mifano mingi nimeitoa kwenye Noah kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi.

Kabla hujaanza, tayarisha

- Futikamba ya mita 3 au 5.
- Karatasi na kalamu. Usitegemee kukumbuka, ukishaona gari tatu zitakuchanganya.
- Watu wako wenyewe: aliye mrefu kuliko wote, aliye mzee kuliko wote, na mdogo anayekalia kiti cha mtoto, pamoja na kiti chake.
- Vitu vyenu vya kila siku: sanduku kubwa la safari, sufuria kubwa, kigari cha mtoto, na polo la mchele la kilo 50 au gunia lolote la ukubwa huo.
- Tochi na kitambaa kikuukuu cha kulalia chini ya gari.
- Saa nzima ya mchana, na ruhusa ya mwenye gari. Muuzaji anayekukimbiza muachie gari yake.

Hatua ya 1: Jua ni Noah gani

Jina ni moja, gari ni tano. Usimuulize muuzaji "ni ya mwaka gani" ukaishia hapo. Tizama herufi na tarakimu zilizo mwanzo wa namba ya chesisi, kwenye kile kibati cha kiwanda.

Inayoanza na SR au CR, 40 au 50, ni TownAce Noah au LiteAce Noah, iliyotoka 1996 hadi 2001. Hii ndiyo Noah ya zamani hasa. Injini iko chini ya viti vya mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na mlango wa kuslaidi ni mmoja tu, upande wa kushoto.

AZR60 au AZR65 ilianza 2001. Hapa kila kitu kilibadilika: injini ikahamia mbele, magurudumu ya mbele yakawa ndiyo yanayovuta, na milango ya kuslaidi ikawa miwili. ZRR70 au ZRR75 ilianza 2007. ZRR80 au ZRR85 ilianza 2014, na ZWR80 ni ndugu yake ya haibridi, yaani inayotumia petroli na umeme wa betri. Zilizotoka 2022 ni kizazi cha 90. Katika hizi za kati, yenye tarakimu 5 mwishoni (65, 75, 85) inavuta kwa magurudumu yote manne.

Alphard ya kwanza ilitoka 2002, ya pili 2008, ya tatu 2015, ya nne 2023. Estima zilianza 1990, zikabadilishwa 2000 na 2006, na mwaka 2019 utengenezaji ukasita.

Sasa kuna jambo moja la Kijapani ambalo likikukaa kichwani litakuokolea pesa nyingi. Kule gari yenye namba ya daraja la 5 haitakiwi kuzidi mita 4.70 kwa urefu, mita 1.70 kwa upana na mita 2.00 kwa kimo, na injini yake ya petroli isizidi cc 2000. Toyota waliishikilia mipaka hiyo kwa Noah ya kawaida miaka mingi. Ndiyo maana ya 2001 ina upana wa mita 1.695, ya 2007 ni hiyo hiyo mita 1.695, na ya 2014 pia. Zile zenye bampa na kingo za mapambo zimezidi kidogo, lakini kilichozidi kiko nje, hukikalii. Kilichokua ni urefu, kutoka mita 4.56 hadi 4.695 katika vizazi hivyo vitatu, na sakafu imeshushwa. Basi kama watu wazima watatu hawakukaa vizuri siti ya kati ya Noah ya 2003, usilipe mamilioni ukitaraji watakaa vizuri kwenye ya 2015. Mabega yao yatagusana vile vile.

Ukitaka upana, hapo ndipo Alphard inapoingia. Ya 2015 ina upana wa mita 1.85 na urefu unaopita mita 4.9. Lakini upana huo unao ndani na unao nje pia, na nje kuna vichochoro. Nitarudi hapo.

Hatua ya 2: Andika wiki yenu

Chukua karatasi, andika safari za wiki moja ya kawaida. Nani anapelekwa skuli, wangapi, wapi. Nani anaenda sokoni Mwanakwerekwe na anarudi na nini. Mara ngapi kwa mwezi mnaenda shamba. Mara ngapi kwa mwaka mnakuwa wanane kweli.

Kosa la kawaida: kununua gari ya Sikukuu. Familia ya watu sita inanunua Alphard kwa ajili ya siku nne za mwaka, kisha siku zilizobaki inahangaika na mafuta na maegesho Darajani. Kosa la pili ni kinyume chake: kusahau kwamba watoto wanakua. Mwenye miaka 9 leo, kabla gari haijakuchoka atakuwa na miguu mirefu kukushinda.

Hatua ya 3: Jaza watu kuanzia nyuma

Hii ndiyo hatua iliyobeba kazi yote, usiifanye haraka.

Fungua viti vyote. Muweke dereva kwanza, arekebishe kiti chake kama anavyoendesha siku zote. Halafu waingie wa siti ya mwisho, wakubwa kwa wadogo, kisha wa kati. Mwambie aliye mrefu akae nyuma kabisa. Subiri dakika kumi, milango imefungwa. Dakika mbili hazitoshi. Maumivu ya goti huja polepole.

Pima haya na uandike:

Goti la mtu wa mwisho hadi mgongo wa kiti cha mbele yake. Chini ya sentimita 5, huyo hatofika Konde kutoka Mkoani bila kulalamika.

Kichwa hadi dari.

Sakafu hadi ukingo wa kiti cha mwisho. Kipimo hiki wengi hawakijui, nacho ndicho kinachoumiza. Kiti kikiwa chini mno, magoti yanapanda kifuani na mapaja yananing'inia hewani. Kwenye gari nyingi mpya siti ya mwisho imefanywa nyembamba ili ikunjike vizuri, na faraja imepungua kidogo kwa ajili hiyo. Mimi nimekaa siti ya mwisho ya gari ya 2015 nikaona sponji ya ile ya 2007 ni nene zaidi. Usiamini kwamba mpya ni laini, kaa mwenyewe.

Angalia na idadi ya viti. Noah nyingi zina siti 8, lakini zipo za siti 7 zenye viti viwili vilivyotengana katikati, na haibridi nyingi za 2014 ni za namna hiyo. Viti hivyo vinapendeza na unaweza kupita kati yake kwenda nyuma. Ila mtoto wa tatu wa katikati huna pa kumuweka.

Kisha mikanda. Kila kiti lazima kiwe na mkanda unaofunga na kufunguka. Katika gari za zamani mkanda wa mtu wa katikati mara nyingi ni wa kiunoni tu. Kiti cha mtoto kifunge kweli, ukivute kwa nguvu. Gari za karibuni zina vyuma maalumu vya kukamatia kiti cha mtoto vilivyofichwa kwenye makutano ya kiti na mgongo wake. Ingiza vidole uvitafute.

Hatua ya 4: Mpandishe mzee

Mwambie mama au bibi apande peke yake, ashuke peke yake. Usimsaidie, unataka kujua.

Pima kimo cha kidato cha mlango kutoka ardhini. Noah ya 2014 isiyo ya magurudumu manne ina kidato cha kama sentimita 36 tu, na hapo ndipo gari mpya inapoishinda ya zamani waziwazi. TownAce Noah, kwa kuwa injini imekaa chini ya viti vya mbele, imewainua watu wa mbele juu sana. Anayevaa buibui na mwenye magoti mabovu wote wataliona hilo siku ya kwanza. Kwa familia yenye mzee, mimi kidato cha chini nakiweka mbele kuliko rangi, redio na hata umri wa gari.

Mlango mmoja wa kuslaidi si kasoro kubwa kama watu wanavyosema. Kwetu tunaendesha kushoto, na mlango uko kushoto, basi watoto wanashukia upande wa nyumba na skuli, si katikati ya barabara. Mwenye milango miwili awafundishe watoto kutoufungua wa kulia barabarani. Katika gari yenye milango ya umeme ipo swichi ya kuzima umeme wa milango kwenye dashibodi. Izime mkiwa na watoto wadogo.

Hatua ya 5: Pima kilichobaki nyuma

Watu wakiwa bado wamekaa, fungua mlango wa nyuma. Pima kutoka mgongo wa siti ya mwisho hadi kwenye mlango, chini sakafuni, kisha juu usawa wa kioo, maana mlango umeinama. Pakia vitu vyako: polo lisimamishwe, sanduku liingizwe, sufuria liwekwe. Funga mlango. Ukifunga bila kusukumia bega, andika "imepita".

Hapa Noah zote, za zamani na mpya, ni changa. Mkiwa wanane, nyuma mna pahala pa mikoba na kapu. Ikiwa kila safari mko wanane na mizigo, unachohitaji ni Hiace, na hakuna Noah itakayokutatulia.

Jambo moja la kuangalia: mlango wa nyuma ni mkubwa na unafungukia juu. Ukiegesha karibu na ukuta, haufunguki. Pima na uwanja wa nyumbani kwako.

Hatua ya 6: Kunja viti, wewe mwenyewe

Muuzaji asikukunjie. Kunja siti ya mwisho uipandishe ubavuni, uifunge, kisha uirudishe. Katika AZR60 kazi hiyo inataka nguvu. Katika ya 2007 springi inakusaidia kuinua, na mkono mmoja unatosha. Kama anayetumia gari kila siku ni mama mwenye mtoto mkononi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika.

Siti zikishakunjwa ubavuni, pima upana uliobaki kati yake. Hapo ndipo magunia ya karafuu yatakapopita, au godoro, au friji. Na hakikisha kufuli limeshika: siti iliyokunjwa ikafunguka kwenye kona za barabara ya Chake kwenda Wete itamuumiza mtu.

Hatua ya 7: Hesabu uzito

Wajapani wanapoandika uzito wa gari iliyojaa, kila mtu wanamhesabu kilo 55. Watu wanane ni kilo 440. Sasa tuhesabu sisi: watu wazima wanane wa kilo 70 ni kilo 560. Mmeshazidi kwa kilo 120, na hata polo moja la mchele hujapakia. Kwa hiyo siti nane ni za familia yenye watoto. Watu wazima wanane pamoja na keria iliyojaa juu ni kuzivunja shokoapu na kuzichosha breki.

Fanya kipimo hiki: pima kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya gari, ikiwa tupu kisha watu wakiwa ndani. Ikishuka sana nyuma, springi zimechoka. Gari mpya zenye sakafu ya chini zina maumivu zaidi hapa. Kile kidato kilichomfurahisha bibi ndicho hicho hicho kitakachosugua mawe ya njia ya shamba.

Hatua ya 8: Iendeshe imejaa

Zunguka na watu wote ndani. Washa kiyoyozi, umuulize aliye nyuma kabisa kama baridi inamfikia. Ikiwa hewa ya nyuma inatoka lakini ni ya moto, bei ishuke au uondoke.

Mtu wa Pemba mwenye vilima na udongo mwekundu wakati wa masika asiidharau Noah ya zamani. Ukiipakia nyuma, uzito unakandamiza magurudumu yanayosukuma, inapanda. Ile inayovuta kwa mbele, ukiijaza nyuma kwenye mlima wa utelezi, mbele inakuwa nyepesi na tairi zinazunguka bure. Kwa njia hizo tafuta AZR65, ZRR75 au ZRR85.

Lakini niseme wazi na upande wa pili. Noah ya zamani ina pua fupi, na mbele ya miguu yako pana bati kidogo tu la kukukinga. Joto la injini linapanda kwenye mapaja, na fundi akitaka kuifikia injini lazima ainue kiti. Kwa safari za kila siku na watoto mbele, mimi sikuipendelea hata ilipokuwa rahisi.

Mkaazi wa mjini aipitishe gari pale anapopita siku zote. Alphard ya mita 1.85 itaingia Michenzani bila tabu, lakini ukikaa karibu na vichochoro vya Mji Mkongwe au njia za ndani za Ng'ambo, futikamba ikuongoze, na usisahau kuongeza vioo vya pembeni.

Hatua ya 9: Angalia kilicholiwa na chumvi

Kisiwani gari haizeeki kwa kilomita tu. Lala chini na tochi. Tizama matao ya magurudumu ya nyuma, reli ya chini ya mlango wa kuslaidi, na sakafu chini ya kapeti, hasa penye siti ya mwisho. Gari iliyokuwa ikibeba samaki au ikiegeshwa ufukweni itasema yenyewe. Rangi mpya sehemu ya chini peke yake ni dalili ya kufichwa kutu.

Umri una hesabu yake nyengine. Za 2001 hadi 2007 zina injini ya kupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na masizi hujijenga njia ya hewa. Isikilize ikiwa imesimama, ikitetemeka muulize fundi. Za 2007 na kuendelea zina giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, nayo inataka oili yake maalumu. Muulize mwenye gari alitia oili gani. Akikujibu "ya kawaida", ogopa.

Hatua ya 10: Weka karatasi mbili ubavu kwa ubavu

Linganisha gari kwa safari ulizoziandika katika hatua ya 2, si kwa jumla ya alama. Kama kuna jambo moja linalotokea kila siku na gari imelishindwa, gari hiyo imeshindwa, hata kama imeshinda mengine tisa. Kwa familia ya mjini ya watu saba ambayo bajeti yake ni ya kati, mara nyingi mimi nimeishia kuwashauri ZRR70. Anayebeba karafuu na nazi kuliko watoto, ile ya zamani iliyotunzwa bado ni gari yake. Mwenye mzee na mwenye uwezo, ya 2014.

Ukishanunua: matatizo yanayokuja na namna ya kuyaondoa

*Mlango wa kuslaidi unakwama au unarudi wenyewe.* Mara nyingi ni mchanga wa Paje au Jambiani kwenye reli ya chini. Upulize, futa kwa kitambaa, paka grisi kidogo tu; ikizidi hushika mchanga zaidi. Wa umeme ukikataa, zima swichi yake uufungue kwa mkono hadi ufike kwa fundi.

*Siti ya mwisho haifungi.* Angalia mashimo ya kufuli sakafuni. Utakuta sarafu, kokwa ya tende au biskuti ya mtoto.

*Baridi haifiki nyuma.* Hakikisha feni ya nyuma imewashwa. Ina swichi yake peke yake, darini au mbele. Kisha safisha matundu.

*Gari inagonga chini ikijaa.* Pima upepo wa tairi kwanza. Kiwango kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ikiwa upepo uko sawa, badilisha springi na shokoapu za nyuma kwa jozi, usibadilishe upande mmoja.

*Watoto wa nyuma wanatapika njiani.* Wasogeze siti ya kati, wafungulie hewa, na punguza mwendo kwenye kona. Siti ya mwisho iko nyuma ya magurudumu au juu yake, na huyumba kuliko zote.

*Haibridi inawasha taa ya onyo siku za joto.* Kabla hujaambiwa betri imekufa, tafuta matundu ya hewa ya kuipoza betri karibu na viti vya mbele. Nimeona yameziba vumbi na nyuzi za kapeti, na mara nyengine mkoba umeegemezwa pale pale. Safisha kwa mashine ya kunyonya vumbi, kisha uwaambie wa nyumbani pasiwekwe kitu tena.